Glock, Ceska, Taurus au rivolva: kuchagua bastola ya bei nafuu ya kubeba na kulengea shabaha

Juma lililopita kijana mmoja mwenye duka la vipuri hapa Nakuru alinikuta nikinywa chai, akaweka simu mezani na kunionyesha picha nne za bastola. Cheti chake cha kumiliki silaha kilikuwa kimetoka baada ya kungoja miezi mingi, na sasa muuzaji alitaka jibu. "Mzee, wewe ungechukua gani?" Nikamuuliza huvaa nini akienda dukani. Akacheka, akidhani namchezea.

Sikuwa namchezea. Bastola si shati la mtumba ulijaribu wiki moja kisha ulirudishe sokoni. Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, cheti chako hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi unachoruhusiwa. Ukijuta, huwezi kubadilishana na rafiki wala kumwazima mtu. Unarudi kwa Bodi ya Leseni za Silaha na kwa muuzaji aliyesajiliwa, unaanza foleni upya. Na tangu Desemba 2018, serikali ilipoagiza raia wote wenye silaha wakaguliwe upya, hakuna anayekichukulia cheti hicho kwa mzaha. Kwa hiyo afadhali uchelewe kununua kuliko kununua mara mbili.

Nimechukua nne ambazo huulizwa zaidi na watu wa mfuko wa kawaida. Ya kwanza ni Glock 19, ya Austria. Ya pili ni Ceska, na hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu gazetini kila bastola iliyookotwa huitwa Ceska. Jina hilo limetokana na Česká zbrojovka, yaani kiwanda cha silaha cha Kicheki, ambacho hutengeneza aina nyingi. Iliyokipa sifa ni CZ 75 ya mwaka 1975, ya chuma tupu. Ninayoilinganisha hapa ni mdogo wake, CZ P-07, yenye fremu ya plastiki ngumu. Jericho ya Waisraeli, ambayo pia tunaisikia kwenye taarifa za polisi, ilichongwa kwa kufuata CZ 75, kwa hiyo mengi nitakayosema kuhusu namna Ceska inavyofyatua yanaihusu. Ya tatu ni Taurus G2C kutoka Brazili. Ya nne ni rivolva ndogo ya .38 yenye silinda ya matundu matano ya risasi, mfano wa Smith & Wesson 642 au Taurus 85, ile ambayo wazee wetu wengi walianza nayo.

Mimi hupima mambo matano. Kwanza gharama yote, si bei ya siku ya kwanza tu. Pili, kama utaweza kuibeba kutwa nzima bila mtu kujua. Tatu, inavyokubali mkono wako uwanjani. Nne, kifyatulio, yaani kile unachovuta kwa kidole, na usalama wake. Tano, inavyostahimili jasho na vumbi la huku kwetu. Sijaweka umaarufu wa jina, ingawa najua ndio unaouza.

Gharama

Taurus G2C ndiyo ya bei ya chini kabisa kati ya zile za magazini, yaani kibebeo cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Marekani, ambako bei zimebandikwa wazi, mpya huuzwa chini ya dola 300, hali Glock 19 hufika dola 500 na ushei, na P-07 huwa jirani yake. Rivolva ya Taurus hukaribia G2C, ile ya Smith & Wesson hupanda kuelekea Glock. Zikifika kwetu zimebeba usafiri, ushuru, VAT na faida ya muuzaji, kwa hiyo usipige hesabu ya dola ukaenda nayo dukani ukitarajia kusikilizwa. Lakini kwa kawaida mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini haubadiliki sana.

Kinachowashangaza wengi ni risasi. Glock, Ceska na Taurus zote hula milimita 9, ile ile ya bastola za polisi, na hata kiwanda chetu cha silaha kule Eldoret huitengeneza. Ndiyo risasi utakayoikuta kwa muuzaji yeyote. Rivolva hula .38, ambayo wauzaji wachache huiweka na bei yake huwa juu. Ukipiga risasi 50 kwa mwezi, na hizo ni chache, utakuwa umemaliza 600 kwa mwaka. Baada ya miaka miwili, pesa ulizodhani umeokoa kwa kununua rivolva ya bei nafuu zimeshaondoka na moshi. Ukishaona kiasi cha risasi kilichoandikwa kwenye cheti chako, panga mazoezi kulingana nacho.

Halafu kuna vile vitu ambavyo muuzaji hakutajii mpaka umekwisha lipa: holista (ala ya kubebea bastola) nzuri inayofunika kifyatulio chote, mshipi mgumu (ule wa suruali ya kanisani hautafaa, utapinda), magazini ya akiba, na sanduku la chuma la kufungwa ukutani kwa boliti. Hapa Glock ina nafuu yake. Holista, magazini na vipuri vyake ndivyo rahisi zaidi kupata, na hata magazini ndefu ya Glock 17 huingia kwenye 19 bila shida. P-07 huja na holista chache zaidi za kuchagua. G2C iko katikati.

Neno moja kuhusu zilizotumika. Silaha ya mkono wa pili hununuliwa kwa njia zile zile za sheria, kupitia muuzaji aliyesajiliwa, na mara nyingine unapata Glock ya zamani kwa bei ya Taurus mpya. Ila ukiletewa Taurus za kizazi kilichotangulia, kama PT-111 Millennium, fahamu kwamba zilikuwa na kesi Marekani kwa madai kwamba zingeweza kufyatuka zikianguka, na kampuni ikakubali suluhu. G2C ni ya baadaye na haikuwa kwenye kesi hiyo. Soma maandishi yaliyo ubavuni kabla ya kulipa.

Kubeba kutwa

Glock 19 ikiwa na risasi zake 15 ina uzito wa gramu 855. P-07 ikiwa na 15 hukaribia kilo moja. G2C yenye 12 iko karibu gramu 770. Rivolva nyepesi ya aluminiamu, kama ile 642, haifiki nusu kilo hata ikiwa imejaa, na zile za chuma huzidi gramu 600 kidogo. Tofauti ya gramu mia mbili unaisoma hapa unaiona si kitu. Iulize nyonga yako saa kumi jioni.

Rafiki yangu anayeuza omena kwa jumla Kisumu alinunua bastola kubwa ya chuma tupu kwa sababu dukani ilimkaa mkononi kama imezaliwa naye. Ni kweli ni bastola nzuri. Lakini Kisumu, na hilo joto lake la ziwa, mtu huvaa shati moja jepesi la pamba na basi. Wiki ya kwanza alivaa koti sokoni Kibuye, jua la saa saba likimwangalia, na wachuuzi wakimuuliza kama ana malaria. Wiki ya pili akaihamishia kwenye mkoba. Wiki ya tatu akanipigia: "Ndugu yangu, hii kitu inanichubua mbavu." Sasa imelala kwenye sanduku nyumbani na yeye anatembea na leseni peke yake.

Hapa Nakuru tuna bahati ya baridi ya asubuhi. Ukivaa sweta au jaketi mwaka mzima hakuna atakayeshangaa, kwa hiyo Glock 19 au P-07 hufichika bila taabu. Ukiishi Kisumu, Busia au Homa Bay, fikiria vingine. G2C ina urefu wa sentimita 16 tu, rivolva vivyo hivyo, hali Glock na P-07 zina sentimita 18 na nusu hivi. Na jambo ambalo mwenye duka hatakwambia ni kwamba mtutu haumwumbui mtu, kwa kuwa umelala ndani ya suruali. Kinachoumbua ni mpini. Unainama kuinua gunia la mahindi, shati linabana mgongoni, na pale kiunoni panachora pembe. Mpini wa G2C ni mfupi kiasi cha kusamehewa. Rivolva ina mpini mdogo wa mviringo ambao mtu akiuona anadhani ni simu, ingawa silinda yake ina unene wa zaidi ya sentimita 3 na huisikia kila ukikaa kwenye gari.

Yule kijana wa vipuri nilimpa jaribio ambalo halihitaji leseni. Chukua pakiti ya sukari ya kilo moja, ifunge vizuri kwenye mfuko wa nguo, uichomeke ndani ya mshipi pale utakapoweka bastola, uvae shati la kila siku, ufanye kazi kutwa. Hiyo ni P-07 iliyojaa. Ukitoa gramu mia moja na nusu hivi unapata Glock. Ukibakiza nusu pakiti umepata rivolva. Asipokuuliza mtu yeyote kuna nini hapo kiunoni, na usipoitoa kabla ya chakula cha mchana, umefaulu.

Uwanjani

Sisi wa huku magharibi tuna tatizo la umbali. Mimi huenda Kirigiti, Kiambu, na kutoka Nakuru ni safari ya asubuhi. Kutoka Kisumu ni siku nzima na mafuta ya gari. Kwa hiyo bastola inayokusamehe makosa ina thamani kubwa kwa mtu anayefika uwanjani mara nne kwa mwaka kuliko kwa mtu wa Nairobi anayekwenda kila Jumamosi.

Glock ina mvuto ule ule wa kifyatulio tangu risasi ya kwanza hadi ya kumi na tano. Kinavutwa kwa uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Si kitamu, watu hukifananisha na kubonyeza stepla, lakini kidole chako hujifunza kitu kimoja tu. Kwa anayeanza, hilo ni jambo kubwa.

Ceska ni habari tofauti. Ukiwa umeteremsha nyundo, kile kipande cha nyuma kinachopiga risasi, risasi ya kwanza inataka mvuto mrefu na mzito, kisha slaidi (ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma kila ukipiga) ikirudi inakuachia nyundo imeshapandishwa, na zinazofuata ni nyepesi na fupi. Wageni wengi hupiga ya kwanza chini kushoto halafu nyingine zote zikakaa pamoja katikati, kama kundi la kuku na mmoja aliyepotea. Ukishaizoea, hiyo ya pili na kuendelea ni raha tupu. Umbo la mpini linajaza kiganja, uzito unameza teke, na kwa shabaha tupu ya karatasi, kati ya hizi nne, mimi binafsi hupiga vizuri zaidi na Ceska. Lakini nimeipiga kwa miaka mingi, na hilo si haki kulitia kwenye mizani ya mtu anayeanza.

Taurus G2C ni ndogo, kwa hiyo hupiga teke kali kuliko hizo mbili, na kifyatulio chake kina safari ndefu ya bure kabla ya kugota. Ukikishikilia pale kinapogota, kinaachia kwa utulivu kuliko unavyotegemea kwa bei yake. Kwa mita 7 haina neno. Kwa mita 20 utaanza kutamani mtutu mrefu zaidi.

Rivolva ndogo ndiyo mwalimu mkali kuliko wote. Kifyatulio kina uzito unaokaribia kilo tano na nusu, saiti, yaani alama ya kulengea, ni mfereji uliochongwa juu ya chuma, na kadiri bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyokuchapa kiganja. Yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo. Nilikuwa napiga risasi ishirini natosheka, si kwa sababu nimejua, bali kwa sababu mkono umewaka moto. Mtu asikwambie rivolva ni bastola ya anayeanza. Ni rahisi kuielewa na ngumu kuilenga.

Kuna upande mwingine, lakini. Mama mmoja wa Njoro mwenye mashine ya kusaga posho tulikuwa naye zamu moja uwanjani. Mikono yake ina nguvu ya kubeba debe, ila vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi. Kila alipojaribu kuvuta slaidi ya Ceska iliteleza. Si kosa lake: slaidi ya Ceska hupita ndani ya reli za fremu, si nje, kwa hiyo sehemu ya kushika ni nyembamba. Mkufunzi, mzee aliyestaafu jeshini, akamwendea taratibu. "Mama, usivute. Shika slaidi kwa kiganja chote, halafu sukuma mpini mbele kama unasukuma mlango." Akajaribu na Glock, ikafunguka mara ya kwanza. "Afande, kumbe ni hivyo tu?" Ceska bado ilimtesa. G2C nayo, kwa udogo wake, springi yake ni ngumu. Rivolva haina slaidi kabisa, unafungua silinda kwa kidole gumba, lakini kifyatulio kile kizito kilimshinda. Aliondoka akiegemea Glock, si kwa sifa, kwa vidole. Omba muuzaji akuruhusu uvute slaidi ya bastola tupu mara kumi mfululizo. Ya kwanza haina ushahidi wowote.

Kifyatulio na usalama

Hapa ndipo ningekaa na mtu muda mrefu kuliko pengine popote.

Glock haina sefti, yaani kizuizi, ya kusukuma kwa kidole. Ina vizuizi vitatu vinavyojifungua ukivuta kifyatulio na kujifunga ukikiachia. Haitafyatuka kwa kuanguka, lakini pia haina la kumzuia mtu anayevuta kifyatulio kwa kutojua, iwe ni kidole chako, kamba ya jaketi au ncha ya shati unaporudisha bastola kwenye holista. Kuichomeka kiunoni bila holista, kama wafanyavyo kwenye filamu, ni kutafuta balaa. Pia, ili uifungue kuisafisha ni lazima uvute kifyatulio kwanza. Watu wamepiga kuta za vyumba vyao hivyo. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ingiza ncha ya kidole uhakikishe, elekeza mtutu mahali salama, ndipo uendelee. Magazini kwanza, siku zote. Ukivuta slaidi kabla ya kuitoa umetoa risasi moja na kuingiza nyingine.

P-07 huuzwa ikiwa na kidude cha kuteremsha nyundo bila kufyatua, na unaweza kufungiwa sefti ya kawaida mahali pake ukipenda. Nyundo ikiwa chini, ule mvuto mrefu wa kwanza ni kinga ya aina yake. Mtu mwenye wasiwasi na Glock hupata usingizi hapa. Gharama yake ni kwamba una jambo moja zaidi la kukumbuka: ukimaliza kupiga, nyundo imesimama, na lazima uiteremshe kabla ya kurudisha kwenye holista. Nimeona wenye uzoefu wakisahau.

G2C ina sefti ya kidole gumba upande wa kushoto. Kwa anayetumia mkono wa kulia imekaa pazuri. Kwa mashoto haina kazi, kwa hiyo kama unaandika kwa mkono wa kushoto zingatia hilo kabla bei haijakuroga. Rivolva haina sefti na haihitaji: mvuto wake mzito ndio sefti. Ukifungua silinda unaona kwa macho kama imejaa au ni tupu, jambo ambalo hata asiyejua bunduki analielewa.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo salama kwa mtoto. Kifyatulio cha kilo tano kinaweza kuvutwa na mtoto wa darasa la pili akitumia mikono miwili. Sanduku la chuma, ufunguo usiokaa juu ya kabati, na basi. Kama bado huna pa kuifungia, usinunue mwezi huu. Na kama wewe ni mtu wa glasi moja baada ya kazi, amua kabisa kwamba siku za kubeba na siku za kunywa hazikutani. Kuonyesha bastola baa au kupiga hewani kwenye sherehe ndiyo njia ya mkato ya kupokonywa cheti na kulala korokoroni.

Jasho, kutu na vumbi

Fremu za plastiki za Glock, P-07 na G2C haziliwi na kutu. Slaidi zao zina ngozi ngumu ya kiwandani, ya Glock ikiwa na sifa zaidi, lakini springi, pini na midomo ya magazini bado ni chuma. Jasho la Kisumu ni la chumvi, na bastola inayolala ubavuni hunywa kila tone. Futa kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na kidogo maana yake kidogo. Mafuta mengi pamoja na vumbi la Nakuru la mwezi wa Februari hufanya uji wa kusagia chuma. Rivolva isiyoshika kutu, ya chuma cheupe, huvumilia vizuri, ila zile za zamani nyeusi hupata madoa mekundu ndani ya wiki mbili za uzembe. Nasema kwa uzoefu, na uzembe ulikuwa wangu.

Kwa kufungua na kusafisha, Glock, P-07 na G2C zote hutoka vipande vinne vikubwa bila kifaa chochote. Rivolva haifunguliwi ovyo. Ikiharibika mpangilio wa silinda, inahitaji fundi wa silaha mwenye leseni, nao hawajai mji huu. Fundi wa jua kali, hata awe binamu yako na hodari wa kuchonga, haruhusiwi kuigusa.

Kwa hali yako

Ukiwa unaanza, unaishi mahali pa baridi kama Nakuru, Molo au Eldoret, na una bajeti ya kufika huko, Glock 19 itakupa kazi zote mbili bila kukusumbua kichwa, mradi uko tayari kuheshimu holista.

Ukipenda kulenga kuliko kubeba, ukitaka siku moja kushindana, au ukiwa na hofu ya bastola isiyo na nyundo, kama Glock, tazama P-07. Kama hutaibeba kabisa, ni ya uwanjani tu, CZ 75 ya chuma itakufurahisha zaidi, kwa sababu uzito unaoumiza kiuno ndio unaotuliza mkono.

Bajeti ikibana, au ukiwa mtu wa shati moja kule ziwani, G2C inafaa, ila ile pesa iliyobaki isirudi mfukoni. Inunue risasi. Mtu mwenye Taurus na risasi mia tano za mazoezi atamshinda mwenye Glock aliyeipiga siku ya mtihani tu.

Rivolva ningempa mtu aliyekwisha jua kupiga, anayetaka kitu kidogo sana cha kufichika, ambaye hana nia ya kupiga shabaha kila mwezi. Pia mzee ambaye slaidi imemshinda lakini kidole chake bado kina nguvu. Kwa mtu mmoja, bastola moja, kazi mbili, ningesita.

Mke au mume akiwa naye ana cheti, kila mmoja achague ya mkono wake. Kuchukua mbili zinazofanana kwa ajili ya kugawana magazini ni wazo zuri mpaka mmoja ashindwe kuvuta slaidi.

Kijana wa vipuri alinipigia Alhamisi. "Mzee, ile sukari imepasuka. Nilikuwa nainama chini ya kaunta kutafuta pedi za breki, ikamwagika yote ndani ya suruali, na wateja wako mlangoni." Nikamuuliza kabla ya hapo kuna aliyeiona. Akafikiri kidogo. "Fundi mmoja aliniuliza kama nimefungwa bandeji." Ameanza upya leo, na nusu pakiti.